Kipimo cha Maji ni Haki ya Anayechota



Kila mkazi wa Ghuba ya Winam ameyaona maji ya ziwa yakigeuka kijani kibichi, mazito kama rangi iliyomwagwa, yenye harufu mbaya ufuoni. Wengi huuita uchafu tu. Hao ni bakteria waitwao mwani wa kijani-buluu, na miongoni mwao yumo Microcystis, awezaye kutoa sumu inayoharibu ini. Hustawi penye joto, maji yaliyotulia na mbolea nyingi. Na ghuba yetu, isiyo na kina kirefu, hupokea maji machafu ya miji pamoja na mbolea isombwayo na mvua mashambani.

Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, wagonjwa zaidi ya 50 waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walikufa kwa maji yenye sumu hiyo. Mwaka 2014 mji wa Toledo, Marekani, uliwakataza watu wapatao 400,000 kunywa maji ya mfereji kwa zaidi ya siku mbili. Waliambiwa pia wasiyachemshe. Hapo ndipo penye uzito kwetu, kwani sote tumefundishwa kwamba kuchemsha kunatosha. Moto huua vijidudu vya kipindupindu, lakini hauiharibu sumu hii. Tena mwani ukipasuka ndani ya sufuria, sumu yake humwagika majini. Mama aliyetii kila fundisho la afya aweza kuwanywesha wanawe sumu bila kujua.

Chombo cha kuonya kipo. Kihisi hufungwa kwenye boya, au penye mdomo wa bomba livutalo maji ziwani. Huumulika mwani kwa mwanga wa rangi ya chungwa, na rangi ya asili iliyomo ndani yake hujibu kwa mwanga mwekundu. Kadiri jibu linavyozidi ndivyo mwani ulivyo mwingi. Hupima usiku na mchana. Ni kweli kwamba hakipimi sumu yenyewe, na wakubwa wengine hujificha nyuma ya neno hilo. Basi chupa ipelekwe maabara upesi! Hiyo si sababu ya kunyamaza.

Twauliza: namba za kihisi husomwa na nani? Mwenye mfereji ana fundi wa mtambo wa kumlinda. Mwenye ndoo hana fundi. Wapo wasemao kwamba wananchi wakiambiwa watataharuki na wala hawataelewa. Twalikataa neno hilo. Mvuvi asomaye mawingu na upepo atashindwaje kuielewa bendera nyekundu? Huko Ziwa Erie, yalikotoka maji ya Toledo, vipimo vya maboya hutangazwa kwa kila mtu. Nasi Katiba ya Kenya ya 2010 yatupa, katika kifungu cha 43, haki ya maji safi na salama, na katika kifungu cha 35, haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Viongozi wa walei wa parokia za ufuoni na waende kwa kamati za usimamizi wa fuo na kwa maofisa wa maji wa kaunti, waulize: maji ya hapa petu yanapimwa? Kipimo kitabandikwa wapi, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, siku ileile kinaposomwa? Jibu liandikwe, nalo lisomwe kanisani Jumapili inayofuata. Hadi hapo maji ya kijani yasichotwe, watoto wasioge humo, wala ng'ombe wasinyweshwe.