Mtutu Mwepesi, kwa Bega la Nani?

Mwaka jana, katika semina ya wanafunzi wa uzamili, mwenzetu alituonyesha kwenye projekta picha ya mtutu wa bunduki ya kuwindia uliozungushiwa nyuzi za kaboni. Mweusi, mnene, unang'aa. Akasema ni mwepesi, hautikisiki, unapoa haraka. Darasa zima likaguna kwa kuridhika. Hakuna aliyeuliza swali, nami sikuuliza. Kesho yake nilikimbilia kwa msimamizi wangu kumwambia kwamba nimepata mada ya tasnifu.

Naandika kwa sababu nauonea aibu ukimya ule, na kwa sababu haukuwa wangu peke yangu. Sisi tunaosoma uhandisi wa vifaa tumezoea kusoma kipeperushi cha muuzaji kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Kikija na picha nzuri, tunanukuu.

Tuanze na mtutu wenyewe. Ndani yake kuna chuma kilekile cha siku zote. Kimechongwa kikawa chembamba, kikazungushiwa nyuzi za kaboni zilizolowekwa resini, kisha vyote vikaokwa hadi vikakauka. Risasi haigusi kaboni hata kidogo. Kinachobana gesi na kuizungusha risasi ni chuma, na kinacholiwa na moto wa baruti ni chuma. Faida ya kaboni iko kwingine. Ukiongeza kipenyo cha fimbo mara mbili, ugumu wake wa kutopinda huongezeka mara 16. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina takriban gramu 7.8, ya kaboni na resini ina takriban 1.6. Kwa hiyo unaweza kupata mtutu mnene, mgumu, bila kubeba uzito wa chuma kinene. Hilo ni kweli na silipingi.

Ninachopinga ni mizani inayotumika. Mtutu huu ni mwepesi ukilinganishwa na mtutu mnene wa chuma, ule wa wapiga shabaha. Uweke kando ya mtutu mwembamba wa chuma ambao wawindaji wengi wanatumia, na tofauti inakaribia kuisha. Wakati mwingine chuma ndicho chepesi. Bei, hata hivyo, ni mara mbili au zaidi.

Na huko kupoa haraka? Resini haipitishi joto vizuri. Ukishika nje ukasikia ubaridi, hujathibitisha kwamba ndani kumepoa. Chupa ya chai nayo ni baridi kwa nje, na kila mtu aliyeungua ulimi anajua kilichomo. Tena mwindaji hupiga risasi moja, mbili, labda tatu. Anauziwa dawa ya ugonjwa wa wapiga shabaha.

Swali nililopaswa kuuliza darasani niliulizwa Muleba, likizo ya Desemba. Baba mdogo analima viazi na mahindi karibu na ufuko wa Ziwa Victoria, na kiboko alikuwa akipanda usiku kulisha humo. Ikaja taarifa, akaja askari wa wanyamapori. Siku hizi wilayani kwetu bunduki kubwa huonekana hasa kwa shughuli kama hiyo. Lile lililokuwa Pori la Akiba la Burigi tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji.

Alikuwa na bunduki ya .375, kipenyo ambacho ndicho kiwango cha chini nchini kwa wanyama hatari. Risasi ya .375 inayojulikana zaidi ilitoka mwaka 1912, na bado inafanya kazi. Mkanda wa bunduki ulikuwa umetiwa kiraka cha mpira wa baiskeli. Tulikaa naye karibu na moto hadi usiku wa manane.

"Shikamoo, mzee. Hiyo bunduki si nzito?"

"Marahaba, mwanangu. Ni nzito. Ndiyo maana bado nina bega."

Nikaenda kulala, nikapiga hesabu kwenye simu. Nguvu ya teke la bunduki hupanda kadiri uzito wake unavyopungua. Bunduki ya kilo 4.5 ukiipunguza ikawa 3.6, risasi ikabaki ileile, teke linaongezeka kwa asilimia 25. Mbele ya kiboko, mtu aliyekwisha kuliogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua. Zaidi ya hayo, uzito kidogo kwenye mdomo wa mtutu humsaidia anayelenga akiwa amesimama, huku moyo unamwenda mbio. Ule uzito tulioushangilia kuondolewa ulikuwa na kazi.

Usiku wa pili nilimweleza habari za kaboni. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Ikianguka kwenye jiwe? Ikigongwa na ubavu wa mtumbwi? Utajuaje kama imeumia, na hapa Muleba nani ataitazama?"

Chuma kikigongwa kinabonyea, na unaona. Nyuzi za kaboni zinaweza kuachana ndani kwa ndani huku nje pakiwa pazima. Jibu la pili sikuwa nalo. Kiboko hakurudi siku hizo mbili, na risasi haikupigwa.

Haya si matusi kwa kaboni. Mwindaji anayepanda milima ya magharibi ya Marekani peke yake kwa siku kadhaa, chakula na hema mgongoni, kila gramu ni yake. Mtutu ule ulibuniwa kwa ajili ya bega lake, na anayo haki ya kuufurahia. Lakini huku kwetu historia ya uzito wa bunduki ni nyingine. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909, msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na bunduki zake zilibebwa na watu walioajiriwa kuzibeba. Hakuna aliyehangaika kuwapunguzia uzito. Kwa hiyo tukiambiwa kifaa ni chepesi, tuulize ni chepesi kwa nani na nani anailipia hiyo tofauti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kaboni si mgeni Kagera. Kati ya Bukoba na Muleba iko Kemondo. Huko Peter Schmidt na Donald Avery walichimba mabaki ya matanuru ya chuma ya zaidi ya miaka 1,500, na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliwaonyesha namna ya kuyeyusha. Shimo la tanuru lilijazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa, na kaboni ya matete hayo ikaingia katika chuma. Wawili hao walichapisha matokeo katika jarida la Science Septemba 1978. Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Nyumbani nimesimuliwa 1978 ya mizinga tangu utotoni. Ile ya chuma nimeisoma chuoni, tena kwa bahati.

Simaanishi turudi kwenye matete. Nasema wahunzi wale walianza na shamba lililohitaji jembe, na kinamasi kilichokuwa jirani, ndipo wakajenga tanuru. Sisi tunaanza na picha kwenye projekta, kisha tunamtafutia mtu tatizo linalofanana nayo.

Nimeandika upya pendekezo langu la tasnifu. Litapima mitutu ya aina tatu: chuma kinene, chuma chembamba, na chuma kilichozungushiwa kaboni. Kila mmoja utaangaliwa uzito, teke, joto la ndani na madhara ya kugongwa. Msimamizi ameliona, akasema halivutii. Wafadhili wanataka neno kaboni kwenye kichwa cha habari. Nimemjibu kwamba neno hilo lipo. Ameomba nimwondolee ukurasa wa mtumbwi na jiwe, kwa kuwa haukutoka kwenye jarida lolote. Ukurasa huo siuondoi.