Kiingereza kiingie kwa sikio

Bibi harusi wetu mmoja kaolewa Tabora, na masomo yake ya Kiingereza kenda nayo. Analalamika: kusoma anasoma, lakini akisemeshwa haambulii kitu. Tunamwelewa. Sisi msingi tulisoma kwa Kiswahili, sekondari mwalimu akaingia na Kiingereza, darasa zima tukabaki kuitikia tu.

Shoga, hapo ulipo pana somo. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika Tabora, na wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikijua Kiswahili bila daftari. Walikisikia njiani, miezi na miezi, maneno yale yale.

Kwa hiyo usirundike podikasti kumi kwenye simu. Moja fupi yatosha. Sisi twapenda 6 Minute English ya BBC, maana maandishi yake yapo. Isikilize ukichambua mchele, maandishi usiyaguse. Kesho ile ile tena. Siku ya tatu ndipo uyafungue uone yaliyokupita. Wengi wetu tunaanza kwa kusoma huku tunasikiliza, kumbe jicho ndilo linalofanya kazi, sikio limelala.

Bwana akiuliza unasikiliza nini, mgawie upande mmoja wa hedifoni.