Marashi Yako Si Lazima Yatufikie Wote

Wasee, kuna hii imani kwamba marashi yasipojaza matatu nzima, umeuziwa maji. Mimi nakataa.

Panda matatu ya abiria 14 kutoka Migori, mpite Rongo hadi Homa Bay, jua la saa saba linawaka na madirisha yamefungwa. Mmoja aliyejimwagia pafyumu anatosha kuwaumiza kichwa wale wengine 13.

Mimi ni timu ya marashi ya mafuta: matunda, karafuu na mti. Unapaka tone moja tu kwenye kifundo cha mkono. Harufu ya matunda hutangulia kupotea, halafu karafuu, ile ile inayolimwa Pemba, na ya mti kama msandali inabaki nawe hadi jioni. Hakuna spiriti ya kuirusha hewani, kwa hivyo inakaa karibu na ngozi. Anayeinusa ni yule umemruhusu akaribie.

Najua kwa nini wengine wetu hujimwagia. Ukilelewa na pesa ya omena, sare yako ikilala chumba kimoja na magunia ya samaki, kuna mtu alishaziba pua darasani ukipita. Tangu siku hiyo unanunua marashi ya kuficha kwenu.

Lakini hiyo omena ndiyo ililipa karo. Haina haja ya kufichwa, na hakuna chupa itakayomridhisha aliyeamua kukudharau.

Jipake kile unachopenda kunusa mwenyewe. Wewe unapaka ya nani?