Usiku wa Mvua Ni wa Sikio

Picha hiyo umeshaiona mara nyingi. Barabara ya Tokyo usiku, lami imelowa inang'aa, mabango yanawaka mekundu na ya samawati, na mtu mmoja ameipa kamera mgongo chini ya mwavuli wa plastiki. Picha za namna hii zimejenga imani kwamba mji wa Kijapani usiku wa mvua ni taa tu, na kazi ya mvua ni kuzifanya taa hizo zionekane mara mbili. Mgeni akikutwa na mvua huko, anakimbilia Shinjuku au Shibuya apige yake.

Kupendeza zinapendeza, sibishi. Ninachobisha ni kuambiwa kwamba hiyo ndiyo Japani yenyewe. Wengi wetu sura hiyo tuliipata katika filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, au kwa walioiiga, na mji unaonyeshewa mle si Tokyo hata kidogo. Ni Los Angeles ya kubuni, ya mwaka 2019, kazi ya mwongozaji Mwingereza Ridley Scott. Taa za neoni nazo zilionyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza Paris, mwaka 1910. Kwa hiyo mtalii anavuka bahari kwenda Japani kuitafuta Los Angeles isiyokuwapo.

Wajapani wenyewe walishalalamikia wingi wa taa zamani. Mwaka 1933 mwandishi Tanizaki Jun'ichirō alitoa insha ya kusifu vivuli, akisikitika kwamba nchi yake imejimwagia umeme kupita kiasi, hata uzuri wa bakuli lililopakwa laka, ambao hujitokeza katika mwanga hafifu, haumpati tena wa kuutazama.

Mtu akiniuliza aende wapi, ningemwelekeza Kanazawa, upande wa Bahari ya Japani. Huko mvua si ajali ya safari. Wakati wa baridi upepo wa Siberia huvuka bahari iliyo na joto kuuzidi, ukabeba unyevu, ukajigonga milimani na kuumwaga. Wenyeji wana msemo: sahau chakula chako cha mchana, usisahau mwavuli. Hata mbele ya stesheni walijenga kuba kubwa la kioo na alumini, lililokamilika mwaka 2005, kwa wazo la kumpa mgeni mwavuli mara tu ashukapo kwenye treni.

Mji huu haukupigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, ndiyo maana mitaa ya mbao imebaki. Higashi Chaya, mtaa wa nyumba za chai ulioanzishwa mwaka 1820, mchana hujaa watu wa kupiga picha. Jioni maduka mengi hufungwa, na hapo ndipo utasikia wakisema, "Sasa pamebaki nini cha kuona?" Kuona, kidogo: mwanga wa njano unaopenya kati ya papi nyembamba za mbao, na jiwe lililolowa. Lakini nani alisema mji ni wa kuonwa tu?

Simama Nagamachi, penye kuta za udongo za makazi ya samurai, ufumbe macho. Mvua inagonga vigae, inateremka kwenye mlizamu, inaingia mferejini, na kila hatua ina sauti yake. Kanazawa ina mifereji 55, jumla yake kama kilomita 150. Mmojawapo, Tatsumi, ulichimbwa mwaka 1632, baada ya moto mkubwa wa mwaka uliotangulia, ili kuifikishia ngome maji. Mchana magari huizima sauti hiyo ya maji. Kamera haiipati kabisa, na nadhani ndiyo sababu haijapata sifa.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu: kuisifu mvua ni anasa ya mpita njia. Septemba 2024, katika rasi ya Noto, mkoa huohuo wa Ishikawa, mvua kubwa ilileta vifo na mafuriko, yakawakumba hata watu ambao nyumba zao zilikuwa zimebomolewa na tetemeko la Januari mosi mwaka huohuo. Mvua ya namna ile hakuna wa kuitembelea, na ikitolewa tahadhari ufuate maagizo yake. Ninayoizungumzia ni rasharasha ya kila wiki, ile inayomlowesha mtu mabega tu.

Katika rasharasha hiyo, teremka ngazi za Kuragarizaka, yaani mteremko wa giza, nyuma ya hekalu dogo la Kuboichi. Inasemekana wafanyabiashara waliipita njia hii kwa siri wakienda nyumba za chai za Kazuemachi. Jirani yake kuna mteremko mwingine uliopewa jina la mwanga, Akarizaka. Mimi ningechukua ule wa giza, mkono mmoja ukutani maana mawe yanateleza, nikiufuata mvumo wa mto Asano hadi chini.