Vitabu vya Watoto si Mchezo wa Watoto

Katika parokia moja tunayoijua yuko binti mmoja, mwalimu wa darasa la kwanza. Siku moja aliwaambia watu wa nyumba yao neno hili: amemaliza lisansi, na sasa anataka kuomba nafasi ya kusoma masta katika universite ya Ulaya, masta ya fasihi ya watoto. Wazee wakakaa baraza. Mjomba akauliza: «Fasihi ya watoto, ndiyo nini?» Binti akajibu: «Ni kuchunguza vitabu wanavyoandikiwa watoto. Nani anaviandika, kwa sababu gani, na vinafanya kazi gani ndani ya mtoto.» Watu wakacheka. Shangazi akasema: «Mama, umesoma miaka hii yote kusudi urudi kwenye kitabu cha picha?» Baba hakucheka, lakini aliuliza lile neno linalofunga mlango: «Masomo hayo yanafikisha wapi?»

Sisi tulikuwapo. Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kunatuuma hata leo. Ndiyo sababu tunaandika.

Neno la kwanza la wanaocheka ni kwamba kitabu cha mtoto ni kitu kidogo, hakiombi elimu kubwa. Tuwaulize basi. Mtoto akishikwa na homa kali usiku, mnamtafuta nani, kama yuko? Mganga wa watoto. Je, mganga huyo alisoma miaka michache kuliko waganga wengine kwa kuwa wagonjwa wake ni wafupi? Hata kidogo. Alimaliza kwanza uganga wote, kisha akaongeza miaka mingine kwa ajili ya ule mwili mdogo. Hakuna anayemcheka. Kwa nini basi mwili wa mtoto unastahili mtu mwenye elimu, na akili yake tunaiachia mtu yeyote mwenye kalamu?

Sisi makatekista tunalijua jambo hili kwa jasho letu. Kufundisha watu wazima ni kazi. Kufundisha watoto wa miaka sita ni kazi mara mbili. Mtu mzima akisikia neno asilolielewa, atauliza ama ataliacha. Mtoto analichukua vilevile, analitengenezea maana yake mwenyewe, na maana hiyo anakaa nayo mpaka anaoa. Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Lakini hawakusema kila mkono unajua kukunja.

Tutoe mfano mmoja, na mfano huu ni wa nyumba yetu wenyewe. Katika mwaka 1930 palikuwa na gazeti la Kikatoliki huko Bruxelles, jina lake Le Vingtième Siècle. Mkubwa wake alikuwa padri, Abbé Norbert Wallez. Gazeti lilikuwa na kurasa za watoto, na katika kurasa zile kijana mchoraji aitwaye Hergé, mwenye miaka 23, alianza kuchora safari ya Tintin katika Kongo, sababu padri yule alitaka hivyo. Hergé hakuwa amekanyaga Kongo hata siku moja. Alichora Kongo ya masimulizi, na ya vitu alivyoviona katika makumbusho ya Tervuren. Ndani yake Mkongomani ana midomo ya kuchekesha, anasema kama mtu asiyejua kusema, anaogopa kazi, na mwishoni kijiji kinainamia sanamu ya kijana wa Kizungu na sanamu ya mbwa wake. Katika mwaka 1946 kitabu kilichorwa upya kwa rangi. Pale Tintin alipowafundisha watoto wetu kwamba nchi yao ni Ubelgiji, aliwekewa somo la hesabu. Lakini midomo ilibaki, na sanamu ya mbwa ilibaki.

Tufanye hesabu na sisi. Mtoto wa Ubelgiji aliyesoma hadithi ile katika mwaka 1931, akiwa na miaka minane, alikuwa na miaka 27 katika mwaka 1950. Kama alipanda meli kuja Matadi kufanya kazi ya uofisa, alikuwa amekwisha kutujua kabla ya kutuona. Nani alimfundisha? Si mwalimu, si waziri. Ni kitabu alichokisoma akiwa amelala kwa tumbo juu ya zulia, akicheka, na hakuna mtu mzima aliyeketi karibu kumwuliza anacheka nini.

Katika mwaka 2007 Mkongomani mmoja akaaye Bruxelles, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu hicho mbele ya sheria. Katika mwaka 2012 mahakama ilikataa ombi lake. Wako pia Wakongomani wanaokipenda, na wachongaji wa Kinshasa wameuza sanamu nyingi za Tintin kwa wageni. Hatusemi kitabu kichomwe. Hergé mwenyewe baadaye alikiri kwamba alikichora kwa mawazo ya watu wa wakati ule. Tunachosema ni hiki: miaka 80 baada ya kutoka, kitabu cha watoto kilikuwa bado kinawapeleka watu wazima mbele ya majaji. Nani ataendelea kukiita kitu kidogo? Na nani anaweza kukifungua mbele ya darasa, aonyeshe picha inasema nini na maneno yanaficha nini, bila matusi na bila kufumba macho? Ni mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Sasa tufike kwenye swali la baba, maana ni swali la haki. Tuanze na yale wanayojifunza. Huko Boston, Marekani, chuo cha Simmons kilifungua nyumba ya masomo haya katika mwaka 1977. Cambridge, Uingereza, ilifungua ya kwake katika mwaka 2010. Kwa wenye Kifaransa, Universite ya Artois huko Arras imefundisha somo hili. Wanafunzi hawakai kusoma hadithi kwa kujifurahisha. Wanajifunza historia ya vitabu hivi, toka hadithi za Charles Perrault za mwaka 1697 na kitabu kidogo ambacho John Newbery alikipiga chapa London katika mwaka 1744, mpaka vitabu vya leo. Wanajifunza namna picha na maneno yanavyosaidiana katika ukurasa mmoja, ama yanavyopingana. Wanajifunza kutafsiri kwa ajili ya sikio, sababu kitabu cha mtoto mdogo husomwa kwa sauti. Wanajifunza kuuliza: ni nani anayesema katika kitabu hiki, na ni nani aliyefungwa mdomo?

Na baadaye? Tujibu bila kupaka rangi. Hayaleti utajiri. Nafasi za kufundisha katika universite ni chache hata Ulaya na Marekani, na mtu anayemwahidi kila mwenye masta kiti cha profesa anamdanganya. Lakini njia ziko. Wengine wanaongoza maktaba; Simmons imewaruhusu wanafunzi kuunganisha somo hili na elimu ya maktaba. Wengine wanaingia nyumba za kupiga chapa, wanachagua maandiko na kuyanyosha. Wengine wanafundisha walimu. Wengine wanatafsiri, ama wanaandika wenyewe. Na wachache wanaendelea mpaka udaktari. Tuwaulize wazee wa baraza lile: katika kazi hizo zote, ni ipi ambayo Kongo inazo nyingi mno?

Hapo mjomba alikuwa na neno lake la mwisho, na ndilo zito kuliko yote: «Watu wana njaa. Mkate kwanza, vitabu baadaye.» Sisi wa mashariki ya Kongo, tulioona vita toka mwaka 1996, hatuwezi kulicheka neno hilo. Tutamjibu kwa habari ya mwanamke mmoja. Jella Lepman alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia London kwa sababu ya utawala wa Hitler. Katika mwaka 1945 alirudi pamoja na Wamarekani, akapewa kazi ya kuangalia mahitaji ya wanawake na watoto. Miji ilikuwa magofu, na watu walilala na njaa. Yeye aliandikia nchi nyingi akiomba vitabu vya watoto, hata nchi ambazo Ujerumani ilizivamia. Ubelgiji ilikataa kwanza, sababu ilivamiwa mara mbili. Akaandika tena, nao wakatuma. Katika mwaka 1946 alivionyesha vitabu hivyo Munich, na watoto wakaja kuviona. Katika mwaka 1949 akafungua hapo maktaba ya watoto ya mataifa yote, ambayo leo ina vitabu zaidi ya nusu milioni na inapokea wachunguzi toka nchi nyingi. Mama yule alijua mkate unahitajika. Alijua pia kwamba watoto wale walikuwa wamelishwa chuki kwa vitabu, na kwamba chuki iliyoingia kwa kitabu haitoki kwa mkate.

Wengine watatuambia: «Sisi tuna hadithi za wazee motoni, hatuhitaji vitabu vya Wazungu.» Kweli, tunazo, za sungura na za fisi. Lakini tuseme ukweli: katika nyumba ngapi za mjini moto ule ungali unawaka? Jioni mtoto anaangalia telefone ya mama yake. Hadithi isiyoandikwa inazikwa pamoja na bibi. Binti yule ana vitabu vitatu vya hadithi katika darasa lake, vyote vya msaada, na vyote vitatu vina theluji. Watoto wamemwuliza kama theluji inaliwa.

Haifai kukata tamaa, maana wako walioanza. Dominique Mwankumi, mwana wa Kongo aliyezaliwa mwaka 1965, alisoma uchoraji Kinshasa na Bruxelles, akatoa vitabu vizuri vya watoto, na kimojawapo kinasimulia mtoto wa barabarani wa Kinshasa. Lakini vilipigwa chapa Paris, kwa Kifaransa. Jirani zetu Watanzania walianzisha mradi wao wa vitabu vya watoto katika mwaka 1991, kwa Kiswahili hiki hiki tunachosali nacho. Na sisi tunangoja nani?

Kwa hiyo tunasema maneno matatu. Kwako, binti: nenda ukaombe. Lakini usiende kutafuta karatasi ya kutundika ukutani, wala usirudi na maneno magumu ya kututisha. Rudi na macho, ama ukikaa huko, tuma kazi yako huku. Mwenye masta asiyeandika ukurasa mmoja kwa lugha ya mama yake amesomea wageni.

Kwako, baba: umeuliza masomo hayo yanafikisha wapi. Yanafikisha kwa mtoto wa darasa la kwanza, akifungua kitabu na kuona mto anaoujua, mama mwenye kitenge, na maneno anayosikia nyumbani. Ukiona hapo si mahali pa kufika, basi hata wewe hukuwa na sababu ya kumpeleka binti yako shule.

Na kwetu sisi tulionyamaza barazani: jumapili ijayo turudi katika nyumba ile, tuketi, tuseme mbele ya wazee yale tuliyoyaandika hapa. Maana ni rahisi kuwa hodari katika gazeti.