Digrii Tatu Kuliko Nini?

Nikiwa mtoto hapa Bomet, mahali petu pa kuogea palikuwa chini ya bomba la kiwanda kimoja cha chai, pale maji yake yalipoingia kwenye kijito kinachoteremka hadi mto Kipsonoi. Asubuhi ya baridi kijito chote kilikuwa barafu, lakini pale maji yalikuwa vuguvugu. Tulifurahia. Hatukujiuliza mbona samaki walikuwa upande ule mwingine tu.

Mwaka jana, baada ya kuacha chuo kwa kukosa karo na kuanza vibarua vya kuandika mtandaoni, nilirudi nikauliza. Mzee mmoja wa kiwandani akanijibu kwa upole: "Kijana, haya maji yamekuwa hivi tangu zamani." Nikanyamaza. Sikuwa na hata namba moja ya kumwonyesha.

Na si ati sheria haikuwepo. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilisema joto la maji taka lisipishane na la maji yanayoyapokea kwa zaidi ya digrii 3. Safi kabisa. Sasa niambie: digrii 3 kuliko nini? Mtoni angalau unaweza kupima juu ya bomba, kisha chini yake. Ziwani na baharini hakuna juu wala chini. Kama hakuna aliyepima kabla, mwenye bomba ndiye atakayetuambia kawaida ni ipi.

Hilo linatuhusu leo, kwa sababu serikali inataka mtambo wa nyuklia. Kwanza ilitazama Uyombo, Kilifi, karibu na mikoko ya Mida. Wakaazi wakaandamana mwaka 2024. Kisha macho yakageukia Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Kipsonoi wetu unaungana na Yurith kuwa Sondu, na Sondu unamwaga maji kwenye ziwa hilohilo. Kwa hivyo usiniulize mtu wa chai anatafuta nini huko.

Mtambo wa nyuklia hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Ukitoa megawati 1,000 za stima, kama megawati 2,000 za joto lazima ziende mahali: hewani kupitia minara, au majini. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliye kwenye joto anahitaji oksijeni zaidi. Mvuvi hahitaji somo la fizikia kujua mwisho wake.

Habari njema ni kwamba joto hilo linaonekana kutoka angani. Kule Daya Bay, Uchina, watafiti wametumia picha za joto za Landsat kufuatilia maji moto ya mtambo wa nyuklia yanavyoenea baharini. Setilaiti hizohizo zinapita juu yetu. Landsat 8 na 9 kwa pamoja hurudi kila siku 8, na kumbukumbu za joto za Landsat 5 zinaanzia 1984. Tangu 2008 picha hizo ni za bure. Unahitaji bando tu, na subira.

Lakini tusidanganyane, bana. Setilaiti inasoma joto la uso wa maji, haijui kilicho chini. Wingu likifunga, haisomi kitu, na mawingu ya Kericho mnayajua. Kitone kimoja cha joto cha Landsat 8 kina upana wa mita 100. Kijito chetu unakiruka ukikimbia. Hata Taifa-1, tuliyoishangilia Aprili 2023, ilibeba kamera ya kawaida isiyosoma joto. Anayekuja na slaidi zake kutuambia setilaiti italinda maji yetu anatuuzia nusu dozi.

Ninachodai si kikubwa. Kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa Siaya, ichapishwe ramani ya joto la maji ya ufuo ule kwa miaka 40 iliyopita. Wavuvi wapewe vipimajoto, wapime hadi chini, msimu kwa msimu, na walipwe kwa kazi hiyo. Namba zote ziwe wazi kwa umma. Na huku kwetu, kila kiwanda kiweke kipimajoto juu ya bomba na kingine chini yake, namba zibandikwe getini ambapo wachumaji wanapita.

Tutaambiwa tuwaachie wataalamu. Wataalamu waje, tunawahitaji, lakini wasije na siri. Mimi nilitoka chuo bila digrii. Digrii 3 za maji, hata hivyo, naweza kuzisoma, na mama yangu anayechuma chai anaweza pia.

Siku moja mwenye mtambo atawaambia watu wa Siaya kwamba maji yamekuwa hivi tangu zamani. Siku hiyo nataka kijana wa huko awe na kile nilichokosa mimi: namba, na tarehe iliyopimwa.