ASC au ASL? Herufi moja yaweza kumponza kijana wa Modogashe

HERUFI moja tu ndiyo inayotenganisha salamu na udadisi wa hatari katika gumzo la vijana wa Modogashe.

Msomali akiandika ASC kwenye rununu, anatoa salamu. Ni ufupisho wa "Asalaamu caleykum", na jibu lake huwa WCS. Lakini mtu asiyejulikana akiandika ASL, kwa desturi ya gumzo la Kiingereza, anataka kujua mambo matatu: umri wa anayeandikiwa, jinsia yake na mahali alipo. Kijana anayesoma kwa pupa anaweza kudhani amesalimiwa, kumbe amehojiwa.

Mji huo ulioko mpakani mwa kaunti za Garissa na Isiolo, katika barabara ya kutoka Isiolo kwenda Wajir, umezoea lugha nyingi. Kisomali na Kiborana husikika sokoni, Kiswahili na Kiingereza hufunzwa shuleni, nacho Kiarabu husomwa madrasani. Rununu imezitia lugha hizo zote katika chungu kimoja, na mzazi anayechungulia ujumbe wa mwanawe huambulia kizungumkuti.

Tazama herufi C. Tangu Somalia ilipochagua hati ya Kilatini mwaka 1972, herufi hiyo husimama mahali pa ain ya Kiarabu, na ndiyo sababu imo katika ASC. Kijana huyo huyo akiandika kwa Kiswahili, C hugeuka kuwa "si", hivyo "cjui" ni sijui na "ctaki" ni sitaki. Akihamia Kiingereza, CU humaanisha "tutaonana". X nayo ina vituko vyake. Katika Kisomali ni sauti ya ha nzito, katika Kiswahili cha vijana wa Kenya hushika nafasi ya S, hata "sasa" ikawa "xaxa", na katika Kiingereza huwekwa mwishoni mwa ujumbe kuwakilisha busu. Msichana anayedhani X mbili alizotumiwa na mtu asiyemjua ni mchezo wa tahajia hana habari kwamba ameanza kutongozwa.

Wanaolalamika kwamba vijana wanaivunja lugha wanasahau chanzo cha mambo. Arafa ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kila arafa iliwekewa kikomo cha herufi 160. Aliyezidisha alilipia ya pili, kwa hivyo maneno yakaminywa. Kufupisha kwenyewe ni kukongwe zaidi. OMG, ambayo wengi huidhania uzushi wa vijana, imo katika barua ambayo Admirali John Fisher alimwandikia Winston Churchill mwaka 1917. LOL, inayoashiria kicheko, iliingizwa katika kamusi ya Oxford mwaka 2011.

Ni busara basi mzazi au mwalimu kujifunza vifupisho hivi. BRB ni "narudi punde", G2G ni "lazima niondoke", DM ni ujumbe wa faragha, na POS ni onyo kwamba mzazi amesimama nyuma akitazama. Hiyo ya mwisho yafaa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa inaeleza kuna jambo ambalo mzazi hatakiwi kuliona.

Hata hivyo, orodha ya namna hiyo huchakaa upesi. ASL yenyewe imebadilika. Miongoni mwa vijana wa leo mara nyingi ni neno la kutilia mkazo tu, kama mtu asemavyo "imechekesha mno". Mzazi aliyekariri maana ya zamani anaweza kumgombeza mwanawe bure, na siku hiyo hiyo akaacha kuona ujumbe wa hatari ulioandikwa kwa Kisomali fasaha, pasipo kifupisho hata kimoja.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Laghai hujifunza ASC na WCS kwa dakika moja. Salamu ya dini na lahaja ya nyumbani, mambo ambayo kwa kawaida huondoa shaka, humfaa yeye kuliko kifupisho chochote cha Kiingereza. Kinachomtambulisha ni kile anachoomba.

Maombi hayo hufuata njia inayofahamika. Huanza na kumtoa kijana katika kundi na kumwingiza katika mazungumzo ya wawili. Hufuata sharti la siri, kisha picha. Picha ikishapatikana, maneno matamu hugeuka vitisho: lipa, au jamaa zako wote wataiona. Katika jamii inayothamini staha kama ya Garissa, tishio hilo lina uzito mkubwa, na waathiriwa wengi hunyamaza. Si wengi wanaojua kwamba sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 imemlenga anayesambaza picha za aibu, si anayeonekana ndani yake. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Ombi lingine huonekana dogo. Mtu huandika kwa jina la binamu au mwanafunzi mwenza kwamba ametuma nambari yenye tarakimu sita kimakosa, na anaomba arudishiwe. Nambari hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti ya WhatsApp ya anayeombwa. Akiitoa, laghai huingia na kuanza kuwaandikia jamaa zake walioko Eastleigh au Minneapolis, akilia shida na kuomba pesa. Familia nyingi za Kaskazini Mashariki hutegemea fedha za jamaa walioko mbali, na kwa hivyo hasara haimwishii mwenye simu. Tiba ni rahisi ajabu: kumpigia simu huyo binamu na kuisikia sauti yake.

Lililo baya zaidi ni ombi la safari. Vijana wa Kisomali huiita tahriib, safari ya magendo ya kwenda Ulaya kupitia Sudan na Libya. Mawakala huahidi kwamba kijana ataondoka bila kulipa hata senti. Malipo huja baadaye, pale anapozuiliwa Libya na wazazi wake kupigiwa simu watoe fidia, hata ikibidi kuuza ngamia na ardhi. Wanaosajili wapiganaji wa Al-Shabaab nao hutumia mitandao, na Garissa haihitaji kukumbushwa tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa katika chuo kikuu.

Ajabu ni kwamba jina la Modogashe linajulikana kwa mapatano ambayo msingi wake ni kinyume cha gumzo la mtandaoni. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya za kaskazini walikutana hapo, wakaafikiana kuhusu malisho, maji na wizi wa mifugo. Waliweka fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Waweza kuyakosoa mapatano hayo, hasa hesabu hiyo ya wanawake, lakini yaliwezekana kwa sababu kila msemaji alijulikana ni nani, wa ukoo gani, na nani angelipa iwapo angekiuka neno lake. Anayeandika ASC kwa jina la kubandika hana ukoo wa kulipa.

Kuvaa jina la mwingine mtandaoni pia ni kosa chini ya sheria hiyo ya 2018, nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeutaja udhalimu wa kimtandao dhidi ya watoto. Lakini kesi haiwezi kuanza bila ushahidi, na kosa linalofanywa mara kwa mara ni kufuta ujumbe kwa haya au hasira. Wenye busara huupiga picha kwanza, pamoja na nambari na tarehe, kisha humzuia mwandishi wake. Mtoto anayeona vigumu kumweleza mzazi ana nambari 116, inayopigwa bila malipo usiku na mchana, na haihitaji intaneti wala salio, mradi mnara wa simu uwe umesimama. Katika eneo ambalo magaidi wamelenga minara, kama ilivyotokea Kamuthe mnamo Januari 2020, sharti hilo la mwisho si dogo.